Mtambo wa theluji kwenye mashine ya nyasi iliyotumika: utafungika, lakini bei je?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mtambo wa kurusha theluji uliopewa unaweza kufungwa mbele ya mashine yako ya nyasi ya kukalia, na kama ukija kuiuza bei itapanda. Nimeshafunga mitambo hii kwenye mashine zangu na nyingine nimeziuza nayo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza usihangaike na mtambo wenyewe. Uliza vyuma vya kufungia viko wapi. Mtambo unashikiliwa na fremu inayopita chini ya mashine, una mkono wa kuuinua, na una seti ya puli za kugeuza mkanda. Hizo puli ndizo roho ya kazi: kwenye mashine nyingi za nyasi puli ya injini imelala, ya mtambo imesimama, kwa hiyo mkanda lazima upindishwe katikati bila kuchomoka. Vyuma hivi hutengenezwa kwa modeli maalumu. Upana wa inchi 42 wa mtambo kuwa sawa na inchi 42 za sahani ya visu, yaani sehemu ya chini inayokata nyasi, hakumaanishi chochote. Soma namba ya modeli kwenye kibati cha mashine, si kwenye stika ya boneti, kisha ulinganishe na kitabu cha mtambo. Kama vyuma havipo, mimi ningeuacha, hata ukitolewa bure. Kuchomelea vyako kunawezekana, ila puli ikienda upande kidogo tu utakuwa unanunua mikanda kila baridi.

La pili ni giaboksi. Mashine nyepesi za nyasi zina giaboksi ya kubeba mtu na visu, basi. Ukiweka uzito mbele, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, hivyo utahitaji minyororo na vyuma vya uzito nyuma, na vyote hivyo vinaitesa giaboksi zaidi. Ikiwa ni ya haidrostatiki, yaani inayosukumwa na shinikizo la mafuta badala ya gia, iendeshe mpaka ipate moto, halafu ipandishe mlima. Ikilegea, usiipe theluji. Trekta la bustani lenye ekseli nzito halina wasiwasi huo.

Mtambo wa hatua moja, ambao parafujo yake (skrubu kubwa ya mbele inayozoa theluji) ndiyo pia inayorusha, unatosha kwa theluji kavu. Theluji ya majimaji huziba bomba la kurushia, na hapo mtambo wa hatua mbili, wenye feni ya kurushia nyuma ya parafujo, hufanya vizuri zaidi. Bomba likiziba, zima injini, toa ufunguo, tumia fimbo. USIINGIZE MKONO hata kama injini imezimwa, maana mkanda uliokazwa unaweza kuisukuma parafujo ghafla ukishafungua kilichokwama. Na pini za kukatika, zile laini zinazokubali kukatika ili gia zisivunjike, zinapokatika, weka za aina ileile. Ukiweka bolti ngumu, kitakachovunjika ni sanduku la gia la mtambo.

Sasa bei. Usijumlishe bei ya mashine na ya mtambo ukadhani mnunuzi atalipa zote mbili. Anayetaka kukata nyasi haoni faida ya mtambo, na mwenye theluji nyingi mara nyingi hununua mashine ya theluji inayojitegemea. Anayekulipa vizuri ni mwenye modeli kama yako anayekosa mtambo. Huyo ataulizia vyuma, kitabu, minyororo na hata bolti. Bila vyuma, unauza chuma chakavu chenye rangi.

Kwa hiyo ninavyokadiria: naipa mashine bei yake kama ya nyasi, kwa saa za injini, moshi, hali ya sahani na uwashaji wake ikiwa baridi. Mtambo naupa bei ya peke yake, nikitoa kwa kutu ya chumvi, bamba la chini lililolika na bearingi zenye mchezo. Mashine naitangaza nyasi zinapoanza kuota, mtambo kabla theluji ya kwanza haijashuka. Akija mtu anayetaka vyote, nampunguzia, kwa sababu ananiepusha na kazi ya kufungua. Sahani ya visu usiitupe wala kuiuza kando. Bila hiyo, hata huyo wa vyote ataondoka.

Tuma namba ya modeli ya mashine na ya mtambo, pamoja na picha ya chini ya fremu, nikuangalizie kama vinaendana.