Mbwa Mdogo Asilale Nje: Niliyojifunza Kando ya Mbuga ya Nairobi

Mbwa wetu wa kwanza alikuwa wa aina ya Japanese Spitz, mweupe pepe, mwenye uzani wa kilo 7, na tulimwita Pamba. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alilala katika kibanda cha mbao nyuma ya jiko, kwa sababu mimi, kama wengi tuliolelewa mashambani, niliamini kwamba mahali pa mbwa ni nje na kazi yake ni kubweka. Usiku mmoja wa Julai, umeme ukiwa umekatika, nilimsikia akibweka mara mbili kisha akanyamaza. Niligeukia upande wa pili nikalala, tena nikishukuru kwamba ametulia. Asubuhi nilikuta bakuli lake limepinduka, na juu ya ukuta, penye seng'enge, pamenasa kishungi cha manyoya meupe.

Mzee wa Kimaasai anayelinda kwa jirani alikuja akachuchumaa penye udongo laini chini ya mparachichi, akapima kwa vidole alama iliyobaki pale. "Huyu si fisi, mwanangu," aliniambia. "Fisi hutembea kucha zikiwa nje, kama mbwa. Huyu amezificha." Alama ilikuwa ya mviringo, vidole vinne na wayo mpana, bila hata kidoa cha ukucha mbele yake. Alikuwa chui.

Tunaishi Ongata Rongai, ng'ambo ya Mto Mbagathi, na ng'ambo ya pili ni Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Mbuga hiyo ina ua pande tatu. Upande wa kusini, ambako mto ndio mpaka, uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia waweze kwenda na kurudi katika nyanda za Kitengela. Hata hivyo, chui hahitaji kuachiwa njia, kwani wakazi wa Karen na Lang'ata, walio upande wenye ua, nao hupoteza mbwa. Kwa macho ya chui, mbwa wa kilo 7 ni digidigi anayebweka. Huko Mumbai, India, chui wa Hifadhi ya Sanjay Gandhi, iliyozungukwa na jiji, hula mbwa wa mitaani kama sehemu kubwa ya chakula chao, kwa hiyo sisi wa Rongai hatuna mkosi wa pekee.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kuongeza ukuta. Niliupandisha kutoka mita 2 hadi karibu mita 2 na nusu, nikalipa fundi, nikajiona nimemaliza kazi, ilhali chui anaweza kuruka kwenda juu takriban mita 3, na mparachichi wangu ulikuwa umelaza tawi juu ya ukuta kama ngazi. Kukata tawi hilo kulinigharimu nusu siku na panga la kuazima. Simaanishi kwamba ua hauna faida. Fisi si mrukaji hodari, lakini hupenya chini, na ndiyo maana nilizika wavu wa chuma nusu mita ardhini pale ambapo ua wangu ni wa kayaba. Ua huo una miiba ya kutisha, ila ukizeeka hubaki na matundu karibu na mashina, na tundu la kumtosha nguchiro hupanuka kila mwaka bila mwenye nyumba kutambua.

Kinachomlinda mbwa mdogo kwelikweli ni saa. Chui na fisi huwinda zaidi gizani, na hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro mwaka mzima, kwa hiyo saa 12 jioni mbwa wetu huwa ameshaingia ndani, mgeni awepo asiwepo. Ikiwa mtu hawezi kabisa kulala na mbwa nyumba moja (mama mkwe wangu hawezi, na hatujawahi kumshawishi), basi amjengee banda lenye sakafu ya saruji na wavu wa chuma mnene pande zote, paa likiwemo. Wavu wa kuku haufai kitu, chui huupasua. Mlango uwe na komeo, wala usifungwe kwa kipande cha waya. Mbwa asifungwe mnyororo nje usiku, maana mnyororo humnyima hata ile nafasi ndogo ya kukimbilia chini ya gari.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni chakula. Tulikuwa na desturi ya kumwekea Pamba ugali na matumbo saa 2 usiku na kuacha bakuli hadi asubuhi. Mabaki yalileta panya, panya wakaleta nyoka, na harufu ya matumbo ilisafiri hadi bondeni. Swila mmoja alijitokeza nyuma ya tangi la maji mwaka uliofuata akamtemea sumu machoni Kito, mbwa tuliye naye sasa. Tulimwosha macho kwa maji safi mengi kwa robo saa nzima, mke wangu akimshika taya nami nikimimina kwa jagi, kisha tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Haoni vibaya leo. Sasa Kito hula saa 11 jioni, bakuli huoshwa mara moja, na taka za jikoni hukaa katika pipa lenye kifuniko hadi gari la taka lipite.

Mchana hatari ni chache. Nyani anaweza kumrarua mbwa kwa meno yake, kwa hiyo ukiona kundi, mwite mbwa ndani badala ya kumchochea. La muhimu zaidi ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa mbweha na nguchiro huweza kuuleta ugonjwa huo hadi kibarazani.

Kuhusu taa, nilifunga moja kubwa ikawaka usiku kucha, na baada ya wiki chache mzee akaniambia chui ameshaizoea. Inayosumbua ni mianga inayowaka na kuzima kwa zamu, kama mtu anayezunguka na tochi. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa huku huku pembezoni mwa mbuga, aliwaza hivyo akiwa bado mtoto, akaunganisha taa za namna hiyo kuzuia simba wasivamie ng'ombe wa baba yake, na mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimulia ugunduzi wake mbele ya hadhira huko Marekani. Yangu ni nafuu zaidi, za sola, nne, na kila mwezi nazihamisha mahali.

Jirani mmoja alinishauri nitie sumu kwenye nyama. Nilikataa, na si kwa sababu tu kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda chui. Nyama yenye sumu haichagui mlaji: tumbusi hufa, mbwa wa jirani hufa, na mtoto anaweza kuiokota. Badala yake nilipiga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo huweza kutega chui kwa kizimba. Sitegemei sana kizimba hicho, kwani chui akiondolewa, eneo lake hurithiwa na mwingine, lakini taarifa huwasaidia askari wa wanyamapori kujua anapita wapi.

Kito naye ana kibofu kidogo. Kila alfajiri, yapata saa 10 na nusu, huja kukwaruza mlango wa chumba chetu. Namfunga kamba fupi, nawasha tochi, namulika kwanza juu ya ukuta, kisha matawi ya mparachichi, kisha chini ya gari, na ndipo tunatoka, mimi na kandambili zangu, nikimsihi afanye haraka.