Mtoto akisema anataka kucheza hoki ya kulipwa

Wazazi wenzangu tunaolea watoto huku Kanada, mtoto akikwambia anataka kufika NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, usimcheke, wala usianze kupiga hesabu za mamilioni. Msimulie habari za Willie O'Ree. Wangu nilimsimulia garini alfajiri tukienda mazoezini, maana saa hizo simu yake huwa bado imelala na masikio ni yangu.

O'Ree alizaliwa Fredericton, hapa Kanada, mwaka 1935, kitinda mimba wa nyumba ya watoto 13. Tarehe 18 Januari 1958 alivaa jezi ya Boston Bruins mjini Montreal, akawa Mweusi wa kwanza kucheza NHL. Wengi huishia hapo. Mimi hupenda yaliyofuata: huko NHL alicheza mechi 45 tu, mabao 4. Riziki yake ilikuwa kwenye ligi za chini, Los Angeles na San Diego, na hakutundika viatu hadi alipopita miaka 40. Na muda wote huo jicho la kulia halioni! Lilipigwa na paki, kile kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira, kabla hajafika NHL, akalifanya siri. Alipohamishiwa winga ya kulia, paki ikawa inamjia upande wa jicho zima, na misimu kadhaa akafunga mabao 30 na zaidi.

Maisha ya wachezaji wengi wa kulipwa yanafanana zaidi na hayo ya San Diego kuliko ya wale mastaa wa kwenye matangazo. Kwa hiyo shule kwanza. Ligi kubwa za vijana hapa Kanada humchagua mtoto akiwa na miaka 15 hivi, akahamia mji mwingine kuishi na familia ya kumlea. Hujitolea kumlipia masomo kulingana na misimu atakayocheza. Masharti hayo yadai kwa maandishi, usitosheke na tabasamu la meneja. Zamani aliyecheza ligi hizo alifungiwa mlango wa hoki ya daraja la kwanza ya vyuo vikuu vya Marekani. Tangu Agosti 2025 mlango uko wazi, ingawa bado kuna wazazi wanaopeana ushauri wa enzi ile.

Kichwa hakina spea. Akigongwa akasema anaona kizunguzungu, siku hiyo harudi barafuni, kocha anune atakavyo.

Vifaa nunua mtumba, isipokuwa kofia ngumu. Mkifika nyumbani begi lifunguliwe, kila kitu kianikwe mpaka glavu. Ukilisahau hadi kesho yake, harufu utaikuta sebuleni. Ada ikikushinda, ulizia misaada ya Jumpstart, shirika linalosaidia watoto kucheza michezo, au mfuko wa Assist wa Hockey Canada, tena mapema, kabla msimu haujaanza.