Mbuzi wanaokufa masika: tazama kope kabla ya shindano ya dawa

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nina mbuzi 14 hapa Konde, Pemba. Kila masika hunifia, mwaka huu wamekwenda wanne. Hawaharishi. Wanalegea tu, wanavimba chini ya taya, asubuhi namkuta mmoja kalala hainuki. Nimeliziba banda kwa turubai pande zote wasipigwe na baridi, na yupo kijana wa pikipiki huja kuwapiga shindano ya OTC. Wengine kawapiga mara tatu. Niongeze?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Usiongeze hata moja.

Mvua zikishatanda, swali hili hunijia kila mwaka, na kila mwaka baridi ndiyo inayosingiziwa. Baridi ya Pemba, hata usiku wa kipupwe, haishuki sana chini ya nyuzi 20. Haimvimbishi mbuzi taya. Ule uvimbe ni maji yanayokusanyika damu inapokuwa nyepesi, na kwa mbuzi wa masika, anayeinywa damu hiyo karibu kila mara ni mnyoo wa tumbo, Haemonchus. Mmoja hunyonya kiasi cha tone moja kwa siku. Minyoo elfu ni mililita 50, na mbuzi wa kilo 20 hana damu ya kufika lita moja na nusu. Piga hesabu ya siku kumi. Mnyoo huyu mara nyingi hamharishi mbuzi, ndiyo maana hakuna anayemshuku.

Sasa OTC. Hiyo ni oxytetracycline, antibayotiki ya kuzuia bakteria. Mnyoo haimgusi! Inaniuma kuona mtu anatoa pesa ya chakula cha watoto kulipia dawa isiyohusika, huku siku za kumwokoa mnyama zinapita.

Leo hii mshike mbuzi mmoja mmoja, ivute chini kope ya chini ya jicho, utazame ndani. Pakiwa pekundu, mwache. Pakiwa peupe, huyo apewe dawa ya minyoo leo leo, kwa kilo zake alizopimwa, si za kukisia. Mbuzi huimaliza dawa mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo huwa hakimtoshi, na kipimo pungufu kinawafundisha minyoo kuizoea dawa. Mwenye mimba changa mtaje kabla hujauziwa albendazole, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kisha chukua mavi mabichi ya wawili watatu kwenye mfuko safi, uyafikishe kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo yapimwe.

Turubai livue. Mkojo uliofungiwa ndani hutoa hewa kali inayochoma mapafu, na hapo ndipo kikohozi kinapoanza. Ziba upande wa kusi tu, upepo unakotokea miezi hii, na sakafu iinuliwe juu ya ardhi, mbao ziachane kidogo mavi yapite. Asubuhi wasitoke mpaka umande ukauke: mabuu ya minyoo hupanda majani na maji hayo. Mvua ikishinda, wakatie majani ya mfenesi uyatundike juu.

Huyu kijana wa pikipiki hayuko Konde peke yake. Kuku akikohoa, OTC. Ng'ombe akikataa majani, OTC. Shindano ile ile inatoka kwa mnyama huyu inaingia kwa yule bila kuchemshwa, na inahamisha majipu na maradhi ya damu. Dawa za jamii hiyo hiyo hutibu binadamu pia. Bakteria wakishazizoea kwenye mabanda yetu, wanatufuata majumbani. Halafu kuna siku za kungoja kabla ya kuchinja au kukama, zimeandikwa kwenye chupa, na kwa zile za kukaa muda mrefu mwilini nyama huweza kungojewa hadi siku 28. Mimi nimemwona mbuzi kapigwa shindano Jumatano, Ijumaa nyama yake iko sokoni, na mama kabeba fungu lake anampelekea mwanawe mgonjwa supu.