Barua kwa mwanangu: diski iliyo kabatini

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ingawa ya kwanza haihesabiki kwa sababu mbaazi zilikuwa zinaniungulia. Umeuliza hivi: "Mama, umefanya kazi ya kompyuta miaka thelathini, lakini nyumba yako ndiyo ya mwisho kupata kitu kipya. Simu yako imebadilishwa betri mara mbili, televisheni ni ile ile ya king'amuzi, na sasa mjukuu wako ana miaka tisa anataka simu, wewe unanyamaza. Ni uzee, au kuna kitu unakijua hutuambii?"

Uzee upo, sikatai. Na hicho kitu nacho kipo. Nitakifikia, lakini si mwanzoni, maana nakujua: ukishakipata hutasoma mengine.

Wewe vitu hivi unavijua vikiwa vipya, ndani ya boksi, na ile plastiki ya kubandua. Mimi riziki yangu ilitoka upande wa pili. Tangu 1994, katika ile kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kazi yangu ilikuwa kuitwa kitu kikishakufa. Hakuna karani hata mmoja aliyewahi kunipigia kuniambia, "Mama, leo mashine yangu nzima." Ukiishi hivyo miaka yote hiyo, unakuwa kama muosha maiti: unaingia harusini na jicho lako linamtazama bwana harusi kwa namna nyingine.

Na hapa Mombasa vitu hufa kwa namna ya hapa. Kompyuta ikikaa miaka mitatu kwenye ofisi yenye dirisha wazi upande wa bahari, ifungue uitazame. Pale kadi ya kumbukumbu inapochomekwa, kwenye yale meno yake, utakuta kutu imeanza, mahali pengine ya kijani kama sarafu ya zamani. Ni chumvi na unyevu vinakula madini. Dawa niliyofundishwa na fundi mmoja wa meli haikuwa ya kitabuni: chukua kifutio cha penseli, sugua meno taratibu, pitisha pamba yenye spiriti, acha ikauke, rudisha kadi mpaka usikie "tak". Mashine ngapi zilikuwa zimeshaandikiwa barua ya kutupwa, nikazifufua kwa kifutio nilichokitoa kwenye mkoba wako wa shule! Ukajiuliza kila siku vifutio vyako vinakwenda wapi. Basi ndiyo huko.

Kwa hivyo mtu akinionyesha simu mpya, sianzi na kamera. Naigeuza mgongo nitafute inafunguliwa wapi. Siku hizi nyingi hazina skrubu inayoonekana, zimegandishwa kwa gundi. Betri yangu ya pili niliibadilishia kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na Marikiti. Aliipuliza simu kwa kipulizio cha hewa moto, akapitisha kadi nyembamba ya plastiki ukingoni, akazunguka nayo polepole kama mtu anayetoa hamri kwenye karai asiitoboe. Kioo cha mgongo kilipoachia, betri yenyewe ilikuwa imevimba, imeumuka hasa. Akaniambia, "Mama, ungengoja mwezi mmoja, ingepasua kioo." Betri za lithiamu hazipendi joto, na sisi tunaishi ndani ya joto. Simu ikilala chini ya mto huku inachajiwa, au ikipigwa jua la Februari mbele ya tuktuk, umri wake unakatika. Mimi huchomoa chaji ikifika themanini na kuichomeka tena ikikaribia ishirini, na babako hunicheka eti nailisha kama mgonjwa.

Kuhusu hizo simu za mkopo, za kulipia kidogo kidogo kila siku, mkeo aliniuliza na nikamjibu kwa mkato. Nilikuwa na hasira yangu. Kijana wa tuktuk anayenipeleka Bamburi alichelewa kulipa siku mbili mvua ilipomfungia, simu ikajifunga. Kazi yake iko mle, wateja wake wako mle, na hiyo pesa ya kuifungulia angeipata kwa wateja hao hao! Sisemi mkopo ni haramu kwa kila mtu. Nasema kuna programu ndani ya simu ile inayomtii mtu mwingine, na mnunuzi hulijua hilo siku ya kwanza anapoumia. Kama hela hazijatosha, nunua ndogo uimalize kuilipa.

Ndogo haina aibu. Umekua ukiziona, lakini zile mulika mwizi ndizo zilizoibeba nchi hii. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, haikuomba simu yenye intaneti wala kioo cha rangi, ilikaa kwenye menyu ya laini tu. Bibi yako hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alikuwa akitumiwa pesa ya samaki na kuificha vizuri kwenye namba ya siri kuliko benki yoyote. Mimi huwaambia vijana wa ofisini kila mara: kitu kikubwa kuliko vyote kilichoanzia Kenya kilitengenezwa kwa ajili ya simu mbaya kuliko zote. Wananitazama kama nimetukana.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa mwenye busara siku zote. 2009 nilishangilia kama mtoto. Kabla ya hapo, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti. Ujumbe unapanda kilomita 36,000, unashuka zingine 36,000, na jibu linarudi njia ile ile, kwa hivyo hata ungekuwa na pesa ya kumwaga, nusu sekunde ilikuwa imekwenda na huirudishi. Ukizungumza na mtu mnakatizana maneno kila dakika. Juni mwaka ule ikafika kebo ya TEAMS, ile ya kupitisha intaneti chini ya bahari, kutoka Fujairah kule Imarati, na mwezi uliofuata kebo nyingine, SEACOM, ikaanza kazi. Nakumbuka nilifungua ukurasa ofisini, ukaja kabla sijanyanyua kidole. Nikaufunga nikaufungua tena. Nikamwita mlinzi aje aone.

Halafu Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ikateremsha nanga pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS. Nanga, mwanangu! Chuma kile kile kilichokuwa kikiteremshwa hapa tangu enzi za Wareno. Na Mei 2024 zikakatika kebo mbili pamoja kule kusini, EASSy na SEACOM, ukanigombeza kwenye simu kwamba laini ya mtaa wetu mbovu. Haikuwa ya mtaa. Jioni tukienda Mama Ngina, pale ufukweni, tukakaa ukutani na mihogo yetu na madafu, watu huangalia meli zikiingia na kuhesabu makontena. Mimi huangalia nanga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na nyinyi. Hamniudhi kwa kupenda vitu vipya. Mnaniudhi mnapoweka kila kitu mahali pamoja halafu mnasema "kipo". Kipo wapi? Nani ana ufunguo? Kikikatika kuna njia ya pili? Maswali ya kizee, lakini ofisini nililipwa mshahara kwa kuyauliza.

Kundi la ukoo la WhatsApp nilitaka kulijazia ukurasa mzima, nimeacha. Niseme moja. Mjomba wako akileta habari barazani, husikia papo hapo "nani kakwambia?", na kesho yake anaketi pale pale, kwa hivyo hupima ulimi. Kwenye kundi anatuma dawa ya sukari ya ndimu na bizari, na hakuna wa kumuuliza kwa kuwa ni mkubwa. Tangu 2019 wenyewe WhatsApp wamezuia mtu asisambaze ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo. Mjomba husambaza kwa matano, hupumzika, huendelea.

Na wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Watu hudhani ni ujanja wa kompyuta. Hakuna kompyuta hapo. Mwizi anajua tu kwamba katika mji huu kila mtu ana pesa ya mtu. Khaloo yako alituma elfu tatu kwa sababu siku hiyo hasa alikuwa anadaiwa kodi ya duka, na ujumbe ulifika saa ambayo mwenye duka hupiga simu. Siku hizi nimemzoesha kitu kimoja: ujumbe wa pesa ukija, mpigie mwenyewe kwa namba uliyoihifadhi, usikie kikohozi chake.

Sasa mjukuu wangu. Unakumbuka ile saiba ya Mji wa Kale, lile duka la kukodi intaneti, shilingi moja kwa dakika? Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Ulidhani sijui. Nilikuwa nimesimama nyuma yako siku ile, na mfuko wa nyanya mkononi, nikakusoma unavyosoma habari za injini za magari na midomo inacheza. Nikaondoka bila neno. Unajua kwa nini sikukukataza? Kwa sababu yule mwenye saiba alikuwa amezipanga kompyuta zote vioo vikiangalia mlangoni. Kila apitaye anaona. Mtoto mwenyewe hujirekebisha pale, bila mlinzi. Mnavyobishana wewe na mkeo kuhusu saa ngapi kwa siku, mimi naona mnabishania kitu kidogo. Ulizeni kioo kinaangalia wapi. Kikiangalia sebuleni, mwachieni hata jioni nzima. Kikiangalia ukuta wa chumbani, dakika kumi ni nyingi.

Kwa hivyo jibu langu: simu yake mwenyewe, bado. Mpeni ile kompyuta yako ya zamani, iwekeni mezani sebuleni, na mumfungulie mbele yake aone feni na kumbukumbu viko wapi. Akitaka kupiga simu shuleni na kurudi, mulika mwizi inatosha, na tochi anayo. Atalia. Wewe ulilia kwa ajili ya baiskeli miezi minne.

Haya, nimefika.

Mwaka 2008, Idi ya mwisho ya bibi yako, nilikuwa nimenunua kamera ya dijitali, ya kwanza kwetu. Nilimpiga picha akiwa amekaa kwenye ngazi, leso ile ya zambarau, anamenya tui la... anakuna nazi, nataka kusema, na wewe uko kando ya babako. Na kuna filamu fupi, dakika moja na kitu, anaimba anapokuna. Nikazihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani na kufuta kwenye kamera ili nipate nafasi. Ofisini, kila Ijumaa nilikuwa nikiweka nakala kwenye kanda na kumpa dereva aipeleke jengo jingine, kanda mbili, majengo mawili, sikukosa hata wiki ya uchungu wa mdogo wako. Nyumbani sikuweka nakala hata moja. Ile mashine ilikaa dirishani, dirisha la bahari, nami ndiye niliyekuwa nawahubiria watu chumvi.

Ilipokufa, bibi yako alikuwa ameshafariki miezi mitano. Niliichomeka, ikatoa sauti kama mtu anayegonga kucha mezani, tak, tak, tak, basi. Kifutio hakikusaidia. Mliponiuliza picha ziko wapi nikawaambia kamera iliharibika. Si kweli. Babako peke yake anajua.

Ndiyo maana sinunui kabla ya kujua kitu hufunguliwaje, na ndiyo maana nawasumbua na nakala zenu kila Ramadhani. Diski yake, ile inayohifadhi kila kitu ndani ya kompyuta, sijaitupa. Nimeifunga kwa kitambaa kikavu, nikaitia kwenye kopo la maziwa lenye chembe za kunyonya unyevu, na ninazibadilisha kila masika. Ulisema kazini kwenu kuna mtu anayefungua diski ndani ya chumba kisicho na vumbi. Muulize kwanza bei, kisha muulize kama sauti ya kugonga ni kichwa cha kusomea au ni injini, maana kama ni kichwa asijaribu kuiwasha hata mara moja zaidi.

Mkija na treni Disemba nitakupa. Uibebe kwenye begi la mkononi, si lile la chini, na usiiweke pamoja na madafu ya mama mkwe wako kama ulivyofanya na pasipoti.

Msalimie mkeo, na mwambie mjukuu wangu anipigie mwenyewe.

Mamako