Kwa mnaoanza na mkangazi: chungeni ncha

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mashamba ya mkangazi, mti wetu wa mbao, kazi yenu kubwa miaka ya mwanzo iko juu, kwenye kilele cha kila mti. Mvua zikishachanganya na miti ikachipua, asubuhi moja utakuta ncha imelala kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Usiseme ni jua.

Ikate chini ya pale iliposinyaa, uipasue kwa wembe. Ndani pamekuwa mfereji. Mlangoni kuna kinyesi mfano wa unga wa mbao, kimeshikana kwa nyuzi laini. Fuata mfereji huo utamkuta mwenyewe: kiwavi wa rangi ya hudhurungi, ambaye akikomaa huingia ubuluu. Ni mtoto wa nondo aitwaye Hypsipyla robusta.

Mama yake huruka usiku na hutaga yai hapa, yai pale, kwenye machipukizi laini na kwapani mwa majani; mara nyingi hayarundiki pamoja. Kwa hiyo jike mmoja anatosha kuharibu miti mingi. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, kiwavi akatoboa na kuzama, na penye joto safari nzima kutoka yai hadi nondo huchukua kama mwezi mmoja hadi miwili. Ukikagua shamba mara moja kwa msimu, vizazi vinakupita. Mimi wakati wa kuchipua napita kila wiki.

Mti wenyewe kwa kawaida haufi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ncha ikishakufa, machipukizi ya pembeni hugombania nafasi, shina linakuwa panda, na mpasua mbao anataka gogo lililonyooka. Baada ya kukata, bakizeni chipukizi moja lenye nguvu, mengine ondoeni.

Msimu wangu wa kwanza nilikata ncha zote zilizosinyaa nikaziacha chini ya miti. Sikujua kwamba kiwavi aliyekomaa hujisokotea kifuko na kuwa pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kutoka nondo, ndani ya mfereji uleule. Baada ya wiki kadhaa ncha mpya zikaanza kulala, na bado naumia nikiikumbuka ile mistari ya miti. Zikusanyeni kwenye gunia, mzichome siku hiyohiyo.

Dawa ya kupuliza haimfikii akishaingia ndani, hivyo msiitegemee. Kuchanganya mkangazi na miti mingine yenye kivuli chepesi kunasaidia, ila kivuli kizito kinaudumaza.

Mtashauriwa pia mpande msederela, mti mwingine wa mbao, badala yake, kwa kuwa nondo wetu hausumbui sana, ingawa kwao Amerika huandamwa vikali na Hypsipyla grandella. Nendeni kwanza Kimboza, Morogoro, mkaone ulivyovamia msitu wa asili.

Na mkienda kukusanya mbegu, kagueni matunda moja moja. Yenye tundu yatengeni, maana kiwavi huyuhuyu huingia humo pia.