Jibu: Mashine ya kahawa inatoa tone tone, niitengeneze au nirudi kwenye jagi la kubonyeza (French press)?

Habari mkuu. Umesema mashine yako ya espreso siku hizi inatoa kahawa tone tone, inanguruma kuliko zamani, na kahawa yenyewe imekuwa chungu.

Kabla ya kutafuta fundi, iwashe bila kuweka kahawa. Maji yakitoka vizuri, mashine ni nzima: unga umesagwa laini mno au unaushindilia sana. Yakitoka kwa shida hata hapo, mshukiwa wa kwanza ni chokaa ya maji, ileile inayoganda ndani ya birika la umeme. Yeyusha asidi ya sitriki kwenye tangi, pitisha nusu, zima kwa dakika 20 hivi, malizia iliyobaki, halafu suuza kwa maji safi mpaka ladha ya ukali iishe. Siki nayo huyeyusha chokaa, ila harufu haitoki upesi na baadhi ya watengenezaji wanaikataza kwa kuhofia itaharibu mipira ya kuzibia iliyo ndani, kwa hiyo soma kijitabu kwanza. Ikigoma bado, huenda ni pampu. Hiyo mimi siigusi, nampa fundi.

Kuhusu jagi la kubonyeza: gramu 60 za unga wa chengachenga kwa lita, maji yaliyotoka kuchemka, dakika 4, unaosha, basi. Espreso huipati humo, maana inataka presha ya kama baa 9. Mashine nayo inadai usafi kila siku, hasa bomba la maziwa (watu hulisahau, na linanuka vibaya sana). Kama unakunywa kahawa nyeusi tu, mimi ningeiuza mashine.