Thiers inavyoishi kwa visu

Umeuliza mji mdogo kama Thiers kule Ufaransa umewezaje kuishi kwa visu wakati chuma hawana, jibu ni mto Durolle. Unashuka kwa kasi kwenye korongo, so toka enzi za kati wakaweka magurudumu ya maji yazungushe mawe ya kunolea, chuma wakawa wanaagiza toka mikoa mingine. Wanoaji walikuwa wanalala kifudifudi juu ya ubao, uso karibu na jiwe, maji baridi yanawarukia, na mbwa kalala juu ya miguu kuwapa joto, kazi ngumu sana ile na wanastahili heshima! Umeme ulipokuja karakana nyingi za korongoni zikafungwa, ila mpaka leo visu vingi vinavyotengenezwa Ufaransa vinatoka hapo.